Unataka kufunga spika kwenye nduthi? Piga hesabu ya betri kwanza

Kama unaishi Kabiro, huhitaji alamu ya simu. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi nduthi ya kwanza inashuka kutoka upande wa Gatina, na kabla hujaiona umeshasikia besi. Pembeni mwa kiti, pale ambapo wengine hufunga mtungi wa gesi au kreti ya maziwa, kuna masanduku mawili meusi yenye spika. Jamaa amekaa wima kama rubani. Hata kama umechelewa kazi, lazima ugeuke utazame.

Najua unachowaza, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi: hiyo kitu inafungwa vipi, na nikiweka yangu itanisumbua? Kufungika inafungika. Kuhusu kusumbua, acha kwanza nikupe stori ya jamaa yangu mmoja wa steji.

Huyu msee ana Boxer ya mkopo. Kila siku, iwe jua iwe mvua, lazima atume pesa ya kampuni kabla ya usiku wa manane. Mwaka jana aliona wenzake wenye muziki wakichaguliwa na vijana pale steji huku yeye akibaki akichezea kofia. Akakusanya Sh6,500, akaenda Luthuli Avenue, akarudi na spika mbili, amplifaya na masanduku ya plastiki. Fundi akamfungia kwa nusu saa. Wiki mbili alikuwa staa wa mtaa.

Kisha siku moja jioni, mvua ikinyesha, akambeba mama mmoja wa mitumba kutoka Toi Market kule Kibera, akimpeleka nyumbani Kabiro. Ni mteja wake wa siku nyingi. Kwenye Ngong Road taa ya mbele ilianza kupepesa, kila besi ikigonga taa inafifia. Mama akamwambia, "Kijana wangu, zima hiyo kitu." Akapunguza kidogo tu, si unajua vile sisi huwa. Walipokata Dagoretti Corner kuingia Naivasha Road, harufu ya plastiki inayoungua ikapanda kutoka chini ya kiti. Taa ikazima, injini nayo ikazima. Hapo ni katikati ya barabara, giza, na matatu ziko nyuma yao.

Waliisukuma hadi kando. Mama hakuumia, lakini furushi lake lilianguka kwenye maji, na jamaa alilipia nguo zilizoharibika. Nduthi ilikaa kwa fundi siku tatu. Mkopo haukukaa. Alikuwa amebakiza kidogo tu ajikute bila pikipiki kabisa.

Nilipoenda kuangalia nikiwa na tochi ya simu, nilikuta fundi alikuwa amechuna waya wa taa ya mbele, akaunga amplifaya hapo hapo, bila fyuzi. Hapo ndipo nikakumbuka kitu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma, na nilikuwa nikisomea umeme. Watu hupenda kuniuliza nilitoka na nini. Nilitoka na fomyula moja: wati ni volti mara ampea. Siku hiyo ndiyo nilielewa kwa nini tulifundishwa.

Fanya hesabu na mimi. Pikipiki yako inatumia volti 12. Amplifaya inayokula wati 60 za kweli inavuta ampea 5. Sasa chungulia betri yako. Ikiwa imeandikwa 5Ah, maana yake ni kwamba injini ikiwa imezimwa, muziki huo utaimaliza kwa saa moja hivi, na kwa betri iliyozeeka hata nusu saa ni bahati. Ukikaa steji ukingoja wateja huku ngoma inacheza, unakunywa umeme wa kesho asubuhi.

"Lakini injini ikiwaka si inachaji?" Ndiyo, ila mtambo wa kuchaji wa pikipiki ndogo umepimwa kwa taa, indiketa, honi na staita. Taa ya mbele ya kawaida ni wati 35, yaani ampea 3 hivi. Ukiunga kitu cha ampea 5 kwenye waya uliotengenezewa ampea 3, waya unapata joto, plastiki inayeyuka, na mengine ushasikia.

Na usidanganywe na kibandiko. Amplifaya nyingi za bei rahisi zimeandikwa "1000W". Gawa 1,000 kwa 12, unapata ampea 83. Hakuna waya wowote kwenye nduthi yako unaoweza kubeba hiyo. Kwa hivyo, ama kibandiko kinadanganya, ama siku moja utawaka moto. Mara nyingi kinadanganya.

Hii fasheni hatukuianzisha sisi. Marekani kuna pikipiki za safari ndefu kama Harley-Davidson kubwa zenye mikoba migumu ya pembeni, na watu hutia spika kwenye vifuniko vyake. Honda Gold Wing ilianza kuuzwa mwaka 1975, na leo ina injini ya silinda sita, cc 1,833. Boxer ya 150 ina silinda moja, cc 145 hivi. Zile kubwa zimeundwa zikiwa na umeme wa ziada wa kubeba redio. Tena spika zao humwelekea mwendeshaji, kwa sababu kwenye barabara kuu upepo unameza muziki.

Spika zetu zinaelekea barabarani. Ni akili ya matatu. Nairobi imelelewa na matatu zinazopigania abiria kwa muziki na michoro, na kijana wa nduthi anaifuata shule hiyo hiyo. Mimi siwezi kumcheka. Pale steji mko ishirini, mmevaa makoti yanayofanana, mna Boxer zinazofanana. Muziki ndio unamfanya mtu akumbuke ni wewe.

Basi kama umeamua, fanya hivi.

Toa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, usiguse waya wa taa. Weka fyuzi karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri. Kwa ampea 5, fyuzi ya 7.5 inatosha. Ikiungua, tafuta sababu; usiweke kubwa zaidi wala ile karatasi ya sigara.

Weka relei inayowashwa na ufunguo, ndio ukizima pikipiki muziki uzime pia. Tumia waya mnene kuliko ule wa redio ya nyumbani, na uupitishe mbali na ekzosi.

Masanduku yalingane uzito pande zote mbili, yasiwe mapana kuliko usukani, na yasifunike indiketa wala pa kukanyagia abiria. Toboa tundu dogo chini ili maji ya mvua yatoke. Chagua spika zenye uso wa plastiki, kwa sababu zile za karatasi hazimalizi msimu mmoja wa mvua.

Na kama nduthi ni ya mkopo, soma mkataba kabla ya kugusa waya wowote. Nyingi zina kifaa cha kufuatilia pikipiki, na fundi wako akikikata kwa bahati mbaya, kampuni itadhani umetoroka nayo.

Wewe wa pikipiki ya umeme, kama zile za Roam, Spiro au Ampersand, usichokonoe ile betri kubwa. Nunua spika ya blututhi yenye betri yake, uchaji nyumbani. Hata kwa mwenye Boxer, hiyo ndiyo njia rahisi zaidi na haiunguzi kitu.

Sasa sauti. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zinaruhusu desibeli 55 mchana na 35 usiku kwenye makazi yaliyochanganyika na biashara, kama mtaa wetu. Usiku wao unaanza saa mbili. Watu wawili wakiongea kawaida wanafika karibu desibeli 60, kwa hivyo jua tu kwamba askari akitaka kukupata, atakupata.

Masikio yako nayo yana hesabu yao. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda hadi desibeli 90, zinabaki saa 4 kwa wiki nzima. Ukianza kazi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi na muziki juu, kufikia saa nne umemaliza ya wiki. Ongeza kwamba honi ya matatu iliyo nyuma yako huisikii. Na kama wewe ndiye abiria, umelipa, mwambie apunguze bila kuona haya.

Jamaa yangu alifunga upya. Nilishika tochi, akashika spana, na safari hii fyuzi iko mahali pake. Aliuza ile amplifaya ya kibandiko, akachukua ndogo. Alilipa mkopo uliochelewa kwa kufanya kazi hadi usiku wa manane kwa mwezi mzima. Saa mbili ikifika anazima muziki mwenyewe.

Yule mama wa Toi alikaa wiki tano akipanda nduthi za wengine. Juzi alimpigia simu. Alipanda, akapakata furushi lake, akasikiliza kidogo, kisha akasema, "Hapo ni sawa. Usiongeze."