Ndege wa Kwenye Fulana na Ndege wa Ziwani

Mtu afikaye Bangwe alfajiri, wakati mitumbwi inaporejea kutoka kuvua dagaa, huona ndege wa namna mbili. Wa kwanza ni wale walio hai: mdiria anayepigapiga mabawa papo hapo juu ya maji kabla ya kujitosa, na furukombe aliyetua juu ya mti akilinda eneo lake. Wa pili ni wale waliochapwa katika nguo za watu. Kijana mmoja amevaa fulana yenye ndege mwekundu aliyesimama juu ya gongo. Mwenzake ana kofia yenye kichwa cha ndege wa buluu. Wa tatu amejifunika koti lenye kichwa cha tai mweupe.

Ndege hao watatu wa kwenye nguo hawaishi kando ya Ziwa Tanganyika. Wote ni wa Amerika ya Kaskazini, nao wamefika Kigoma ndani ya marobota ya mitumba, kwa kuwa ni alama za timu za michezo za St. Louis, Toronto na Philadelphia. Siku moja mwanafunzi aliniuliza, akiionyesha kofia ya namna hiyo: "Mwalimu, kuna ndege wa buluu kiasi hiki kweli, au ni rangi ya kiwandani?" Swali hilo ni zuri kuliko linavyoonekana. Tukilijibu sawasawa, tutajifunza jinsi ndege wanavyopata rangi zao, na tutajifunza pia jambo moja kubwa kuhusu ziwa letu.

Nguo na ndege: nani alimpa mwenzake jina?

Sisi Waswahili tunao mfano wetu wa nguo iliyopewa jina la ndege. Inasimuliwa kwamba khanga za kwanza, katika karne ya 19, zilikuwa na madoa meupe juu ya rangi nzito, yakafananishwa na manyoya ya kanga. Hapa ndege ndiye aliyeipa nguo jina.

Kwa yule ndege mwekundu mambo yalikwenda kinyume. Yeye huitwa kadinali, kwa sababu Wazungu waliomwona Amerika walikumbuka mavazi mekundu ya makardinali wa Kanisa Katoliki, vazi lile lile alilovikwa mwaka 2023 Kardinali Protase Rugambwa, ambaye alikuwa Askofu wa Kigoma kuanzia mwaka 2008 hadi 2012. Basi nguo ilimpa ndege jina. Halafu jina likarudi tena kwenye nguo. Timu ya besiboli ya St. Louis ilianza kuitwa Cardinals mwishoni mwa karne ya 19 kwa sababu ya rangi nyekundu ya sare zake, wala si kwa sababu ya ndege. Picha ya ndege iliwekwa kwenye sare hizo mwaka 1922.

Wekundu utokao chakulani

Kadinali dume ni mwekundu mwili mzima. Jike ni wa rangi ya udongo yenye dalili za wekundu. Katika ndege wengi wa nchi za baridi ni dume tu aimbaye, lakini kadinali jike naye huimba, na mara nyingi huimba akiwa kwenye kiota. Ndege huyu hahami wakati wa baridi, hivyo huonekana kama kaa la moto juu ya theluji. Majimbo saba ya Marekani yamemchagua kuwa ndege wao.

Wekundu wake hutokana na kemikali ziitwazo karotenoidi. Hizi ndizo zinazoipa karoti na papai bivu rangi zao. Mwili wa ndege hauwezi kuzitengeneza toka mwanzo; hana budi kuzila katika matunda, mbegu na wadudu. Kadinali hula karotenoidi za manjano, kisha mwili wake huzigeuza kuwa nyekundu. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba wameitambua jeni inayohusika na mageuzi ya namna hiyo katika ndege. Mara chache sana huzaliwa kadinali ambaye mwili wake hauwezi kufanya kazi hiyo, naye huwa wa manjano. Mmoja wa aina hiyo alipigwa picha katika jimbo la Alabama mwaka 2018.

Heroe wa Ziwa Natron ni ushahidi wetu wenyewe wa kanuni hiyo hiyo. Wekundu wao mwepesi hutokana na vijimea vidogo wanavyokula katika maji ya magadi. Heroe anayefugwa bila chakula hicho hupauka kila anapobadili manyoya. Kwa hiyo rangi ya ndege wa aina hii ni kama daftari la chakula chake: atakayelisoma atajua kama mwenyewe ameshiba vizuri au la.

Buluu isiyo na rangi

Sasa tumgeukie yule wa buluu, ambaye kwao huitwa blue jay. Ni ndege wa jamii ya kunguru, mwenye kishungi kichwani, na ana werevu wote wa jamii hiyo. Huiga sauti ya mwewe. Huficha ardhini mbegu za miti iitwayo mialoni ili azile wakati wa baridi, na zile anazozisahau huota na kuwa msitu. Timu ya besiboli ya Toronto, iliyoanza kucheza mwaka 1977, ilichukua jina lake.

Wakati wa masomo yangu ya udaktari huko ng'ambo niliokota unyoya wa ndege huyu kando ya njia, nikauinua juu kulielekea jua. Buluu ikatoweka. Mkononi mwangu palibaki unyoya wa hudhurungi usiovutia. Nilipougeuza, mwanga ukiupiga kwa mbele, buluu ilirejea.

Sababu ni kwamba ndani ya unyoya huo hamna kemikali ya buluu hata kidogo. Manyoya yote hufanywa kwa protini iitwayo keratini, ambayo ndiyo iliyomo pia katika kucha zetu. Katika unyoya wa buluu keratini hiyo ina vijishimo vya hewa vidogo mno, visivyoonekana hata kwa hadubini ya kawaida ya shuleni. Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi zote. Ukiingia katika vijishimo hivyo, ule wa buluu hurudishwa nje kwa nguvu na kuyafikia macho yetu, na zile rangi nyingine hupenya na kumezwa na tabaka jeusi lililo chini yake. Ukiutwanga unyoya huo katika kinu, vijishimo vitavunjika na utapata unga wa hudhurungi. Ukichanachana khanga ya buluu, kila uzi utabaki wa buluu, kwa maana khanga imetiwa rangi. Jibu la mwanafunzi wangu, basi, ni hili: ndiyo, ndege wa buluu yupo, lakini fulana ndiyo iliyo na rangi ya buluu, na ndege hana.

Wala hatuna haja ya kwenda Toronto kuyaona haya. Kwenye matete ya ziwa letu yupo mdiria mdogo mwenye mdomo mwekundu na mgongo wa buluu unaong'aa; buluu yake nayo ni kazi ya mwanga na keratini. Kanga naye anatufundisha upande wa pili: weusi wake watokana na melanini, ambayo ndege hujitengenezea mwenyewe, na madoa yake meupe ni sehemu zisizotiwa melanini. Melanini huuimarisha unyoya usilike upesi. Ndiyo maana mwari, aliye mweupe karibu mwili mzima, ana manyoya meusi pale bawa linapofanya kazi ngumu ya kuruka.

Yupo hata ndege ambaye rangi yake huchuja. Katika misitu ya magharibi mwa Tanzania wanaishi ndege wenye kishungi wanaoitwa turako, ambao mabawa yao huonyesha wekundu mkali wanaporuka. Wekundu huo hutokana na kemikali yenye madini ya shaba ndani yake, nayo huyeyuka katika maji yenye magadi, kama khanga hafifu iliyotiwa katika sabuni kali.

Tai wa kwenye koti na furukombe wa Bangwe

Limebaki lile koti la Philadelphia. Tai wa kichwa cheupe si kipara, ingawa jina lake la Kiingereza hudhaniwa kusema hivyo. Ana manyoya meupe kichwani, nayo hukamilika afikapo umri wa miaka 5 hivi. Sauti yake ni nyembamba kuliko umbo lake, hata watengenezaji wa filamu mara nyingi humwazimia sauti ya ndege mwingine, mwewe mwenye mkia mwekundu. Furukombe wetu, ambaye ni wa ukoo wake wa karibu, hana haja ya kuazima: mlio wake husikika mbali juu ya maji.

Wote wawili hula samaki, na hapo ndipo penye somo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, dawa ya wadudu iitwayo DDT ilinyunyizwa kwa wingi sana mashambani Marekani. Dawa hiyo haiozi upesi, na hujikusanya katika mafuta ya mwili. Mvua iliipeleka mitoni. Vijidudu vya majini vikaimeza kidogo. Samaki wadogo wakala vijidudu vingi. Samaki wakubwa wakala samaki wadogo wengi. Na tai akala samaki wakubwa. Kila ngazi ilikusanya sumu ya ngazi zilizo chini yake. Tai hakufa papo hapo. Mayai yake yalitoka na maganda membamba, akayavunja kwa uzito wake mwenyewe alipoyaatamia. Mwanabiolojia Rachel Carson aliwatahadharisha watu kuhusu dawa hizi katika kitabu chake cha mwaka 1962. Mwaka 1963 zilihesabiwa jozi zisizofika 500 za tai wenye viota katika majimbo 48 ya Marekani. Matumizi ya DDT mashambani yalipigwa marufuku mwaka 1972, tai wakaongezeka, mwaka 2007 wakaondolewa katika orodha ya wanyama walio hatarini. Mwaka 2024 tai huyo alitangazwa kisheria kuwa ndege wa taifa.

Mito ya Marekani hubadili maji yake upesi. Ziwa Tanganyika halifanyi hivyo. Kina chake kinafika kama mita 1,470, mto unaotoka ni Lukuga peke yake, na sehemu kubwa ya maji hupotea kwa kugeuka mvuke, ambao hauchukui sumu. Kitakachoingia humu kitakaa muda mrefu mno. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 umeibakiza DDT kwa kazi ya kupambana na wadudu waenezao maradhi kama malaria tu, lakini sumu za mashambani ni nyingi, na mitaro ya miji huelekea ziwani. Furukombe yuko kwenye ngazi ya juu kabisa ya mlo wa ziwa. Na aliyeketi naye kwenye ngazi hiyo, akila dagaa na migebuka ile ile, ni mwanadamu. Siku furukombe wa Bangwe watakapoacha kuangua vifaranga, tusiwahurumie wao peke yao.

Kazi ya darasani

1. Okoteni manyoya yaliyoanguka yenyewe; ndege asiuawe wala kiota kisiguswe, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kazi. Tazameni kila unyoya mwanga ukiwa mbele yake, kisha mwanga ukiwa nyuma yake. Upi umebadilika rangi? Rudieni jambo hilo kwa kipande cha khanga.

2. Kwa muda wa mwezi mmoja, andikeni kila juma idadi ya furukombe na mdiria mnaowaona sehemu ile ile na saa ile ile. Hifadhini daftari hilo shuleni, na darasa lijalo liendelee nalo. Wamarekani waliweza kujua kwamba tai wao wanapungua kwa sababu walikuwapo watu waliokuwa wakiwahesabu.