Miaka sita ya udaktari, kisha mtihani tena?

Mpwa wangu amerudi Mombasa na digrii ya udaktari aliyoisomea ng'ambo miaka sita. Dua ikasomwa, pilau ikaliwa, na majirani wakaanza kumwita daktari. Lakini kabla hajaanza mafunzo ya kazi hospitalini, lazima apite mtihani wa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC) unaowahusu waliosomea nje. Dadangu akaniuliza kwa uchungu, "Kaka, miaka yote hiyo haikutosha?"

Mimi si daktari, ila swali lile lilinikaa rohoni. Nikaketi na kijana anieleze wenzetu wanavyopimana, na akaanza na Marekani.

Kule kuna bodi iitwayo NBME, iliyoanzishwa 1915. Mwanafunzi hupita wodi kwa zamu: upasuaji, watoto, uzazi, magonjwa ya akili na kadhalika. Mwisho wa zamu, vyuo vingi humpa mtihani wa somo hilo uliotungwa na bodi, si na mwalimu wake. Ni kama KCSE yetu, ambapo mtoto wa Lamu na wa Nairobi hupimwa kwa kipimo kimoja.

Maswali yake si ya kukariri. Huletewa mgonjwa kwenye karatasi: mama ana mimba ya wiki 34, kichwa kinamuuma sana, macho yanaona ukungu, presha imepanda. Ufanye nini kwanza? Majibu yako pale, uchague moja. Asiyejua dalili za kutangulia kifafa cha mimba atachagua dawa ya kichwa, na mama huyo angekuwa wodini kweli, tungekuwa tunazungumza habari ya jeneza.

Maswali hutungwa na walimu wa vyuo mbalimbali, hukaguliwa, na hujaribiwa kabla ya kuhesabiwa alama. Alama nazo husawazishwa, ili aliyepata karatasi ngumu kidogo asidhulumiwe.

Faida yake naiona wazi. Mwalimu wa wodini ni binadamu. Humpenda mchangamfu, humsahau mkimya, na pengine hulijua jina la babake mwanafunzi. Karatasi haiulizi wewe ni mtoto wa nani.

Lakini ina upungufu wake. Haioni mkono ukitafuta mshipa wa mtoto, wala haisikii ulimi ukimpa mzee habari mbaya. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Ndiyo maana mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, walieleza mtihani wa vituo. Mwanafunzi huhama kituo hadi kituo, hapa anampima mgonjwa, pale anamhoji, na msimamizi anatia alama kwa orodha ileile kwa kila mtu. Tangu hapo mtindo huo umeenea duniani.

Pia, kipimo kimoja hakimaanishi uamuzi mmoja. Kila chuo cha Marekani hujiamulia alama ya kupita, na huo mtihani wa somo kwa kawaida ni sehemu tu ya alama za zamu. Sehemu nyingine ni ya walimu waliomwona akifanya kazi. Hapo pana hekima: karatasi ipime ujuzi, jicho la mwalimu lipime mkono na adabu, na kimoja kisimeze kingine.

Basi nilimjibu dadangu hivi: mtihani huu haumtukani mwanao. Watoto wetu wanasoma vyuo vya nchi nyingi, na mgonjwa aliyelala kitandani hana njia ya kujua chuo gani kilifundisha vizuri. Yeye ndiye mwenye haki ya kwanza.

Ila kijana naye ana haki. Ajulishwe mapema atapimwa nini, na akifeli, aelezwe ni somo gani lililomwangusha. Nasi wazazi, kabla ya kuuza shamba tulipe karo, tuulize: huko aendako atagusa wagonjwa chini ya mwalimu, au atatazama kwa mbali? Na waliomtangulia chuo hicho, waliporudi walipita?

Mpwa wangu sasa anasoma hadi usiku wa manane. Mamake ndiye anayempelekea chai.