Kuota na Kutenda: Ilhamu ya Mtandaoni katika Miji ya Busia na Malaba

Utangulizi

Kitenzi 'ota' kina maana tatu ambazo kamusi za Kiswahili huzitenga. Mtu aliyelala huota ndoto. Mwenye baridi huota moto, au huota jua asubuhi. Mbegu iliyopata udongo na maji nayo huota. Mwanaisimu atasema, na kwa haki, kwamba hizi ni homonimu, na kwamba haifai kuzilazimisha ziwe za ukoo mmoja. Hata hivyo, umbo hilo moja lenye maana tatu linafaa sana kueleza jambo linalowahusu vijana wengi leo: kutazama picha na video za mafanikio ya watu wengine mtandaoni kwa nia ya kutafuta ilhamu.

Makala haya yanaeleza uhusiano wa ndoto na tendo katika mazoea hayo, yakichukua mifano kutoka Busia na Malaba, upande wa Kenya wa mpaka na Uganda. Hoja yake ni kwamba ndoto na tendo havishindani. Kinachokosekana baina yake mara nyingi ni jaribio dogo, linalofanywa kwa kile kilichopo mkononi, na katika siku inayojulikana.

Miji iliyozoea kutazama ng'ambo

Busia na Malaba zimo katika Kaunti ya Busia, magharibi mwa Kenya. Malaba imekaa kwenye barabara kuu itokayo Mombasa kupitia Nairobi na Eldoret hadi Kampala, na reli iendayo Uganda hupitia hapo. Busia iko kusini yake, kwenye tawi la barabara lipitalo Kisumu. Katika miji hiyo, nchi ya kigeni ni ng'ambo ya lango tu. Wateso na Wasamia wana jamaa pande zote mbili, na shilingi mbili tofauti hubadilishwa kando ya barabara mchana kutwa. Kiswahili hutumika sana katika biashara ya mahindi, samaki, mitumba na vitenge.

Watu wa mpakani, basi, walizoea kutazama ng'ambo na kulinganisha kabla ya simu kufika. Tofauti ni kwamba mtu aliyeona bei nzuri upande wa pili aliweza kuvuka kwa miguu akaishika bidhaa yenyewe, akauliza, akapatana. Simu imempa ng'ambo isiyo na lango. Kijana aliyekaa kibarazani Malaba anaona nyumba za Dubai, mashamba ya nyanya ya Israeli na maduka ya nguo ya Lagos kwa saa moja, lakini hakuna alichokishika wala aliyemuuliza. Wahenga walisema macho hayana pazia. Yanaona yote, lakini mkono haufiki popote.

Fasihi ya Kiswahili ililigusa jambo la karibu na hili zamani. Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert anasimulia nchi iliyo angani ambayo wajumbe wake walitumwa pande sita kutafuta yanayoifaa. Waliporudi na mambo mema waliyoyapata huko, walitiwa gerezani. Riwaya hiyo husomwa zaidi kama hoja dhidi ya udhalimu, na ndivyo ilivyo. Lakini pia ina somo jingine: jamii inaweza kupeleka macho yake mbali, ikaletewa mema, kisha ikayafungia. Kila mtu mwenye simu iliyojaa picha alizozihifadhi 'za kufanyia kazi baadaye' ana gereza dogo la aina hiyo mfukoni mwake.

Istilahi na mafunzo yake

Maneno yanayotumika kwa shughuli hii yanastahili kuangaliwa. 'Kuvinjari', linalotumika sasa kwa mtandao, ni kitenzi kilichotumika kwa chombo kinachozunguka baharini kikifanya upelelezi au doria. Chombo kinachovinjari hakikosi kazi, kinatafuta. Lakini hakina budi kurudi bandarini na habari, la sivyo kinakula chakula cha mabaharia bure. 'Kuperuzi' ni mkopo kutoka Kiingereza, na katika mazungumzo ya kila siku hudokeza kupitisha jicho bila haraka na bila lengo kubwa. Anayesema 'ninaperuzi tu' huwa ameshatoa udhuru wake mapema.

Vilevile ipo tofauti baina ya ilhamu na hamasa. Ilhamu ni wazo linalomjia mtu na kumwonyesha la kufanya. Hamasa ni joto la moyo. Ilhamu inaweza kuandikwa kwa sentensi moja: 'nishone mfuko wa shule kwa mabaki ya kitenge.' Hamasa haiandikiki hivyo. Hubaki 'nami nitafika.' Nyingi katika video zinazoitwa za ilhamu hutoa hamasa pekee, na hapa ndipo maana ya pili ya 'ota' inapofaa. Mtazamaji huota moto uliokokwa na mtu mwingine. Joto ni la kweli na faraja ni ya kweli. Lakini akiondoka penye moto baridi hurudi, naye hulazimika kurudi kuuota tena. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na bando la intaneti huisha kwa namna hiyo hiyo.

Yaliyobainishwa na utafiti

Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa majaribio. Mwaka 2002, Gabriele Oettingen na Doris Mayer walichapisha utafiti uliowahusisha, miongoni mwa wengine, wanafunzi wa Ujerumani waliokuwa wakimaliza chuo na kutafuta kazi. Waliojistarehesha zaidi kwa njozi tamu za kazi nzuri walikuwa, miaka miwili baadaye, wametuma maombi machache zaidi na kupata mshahara mdogo zaidi. Waliokuwa na matarajio mema yenye misingi walifanikiwa zaidi. Utafiti huo haukulaani tumaini. Ulitofautisha tumaini linalotokana na uwezo na njozi inayompa mtu ladha ya mafanikio kabla hajayafanyia kazi.

Mwaka 2018, Michael Kardas na Ed O'Brien wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba watu waliotazama mara nyingi video ya ustadi fulani, kwa mfano kurusha vishale, waliamini kuwa wao wenyewe wangeuweza zaidi. Walipojaribu, hawakufanya vizuri kuliko waliotazama mara moja. Lenye manufaa zaidi ni hili: katika jaribio la kurusharusha vigongo na kuvidaka, waliopewa nafasi ya kuvishika tu vigongo hivyo mikononi baada ya kutazama walipungukiwa na majivuno hayo. Kugusa kidogo kulirekebisha kile ambacho kutazama kwingi kulipotosha.

Mfano wa fundi cherehani

Mfano ulio karibu ni wa fundi cherehani wa sokoni. Mteja huja na kitenge na simu, akaonyesha picha ya mshono alioupenda. Picha ile ni ndoto iliyokamilika: haionyeshi mshono wa ndani, bitana, uzito wa kitambaa, wala mikunjo iliyofichwa kwa pini ili mvaaji apendeze mbele ya kamera. Fundi asiyejua kutenganisha ndoto na tendo hukata kitenge moja kwa moja, na kitenge kikishakatwa hakirudi.

Fundi mzoefu hufanya vingine. Huipima picha kwa maswali: kitambaa hiki kina mita ngapi? Je, kinalainika kama kile cha pichani au kinasimama? Mteja ana umbo lipi? Kisha huchukua vipimo, na kama mshono ni mgeni kwake, huukata kwanza kwa karatasi au kitambaa duni. Hapo huona kwamba mkono wa puto unakula kitambaa kingi kuliko alivyodhani, naye humshauri mteja apunguze. Nguo itakayotoka haitafanana kabisa na picha, itamfaa aliyeilipia.

Mfano huu unaonyesha mambo mawili. Kwanza, fundi hakuidharau picha. Bila picha angerudia mishono ile ile ya miaka iliyopita, na wateja wangemhama. Pili, karatasi ile ya majaribio ndiyo daraja. Gharama yake ni ndogo kiasi kwamba kukosea hakumfilisi mtu, na ni ya kweli kiasi kwamba hukosoa ndoto.

Bodaboda: tendo lililozaa neno

Mpaka huu una ushahidi mkubwa zaidi wa nguvu ya tendo dogo. Katika miaka ya 1960 na 1970, waendesha baiskeli wa eneo la Busia walianza kuwapakia watu na mizigo kuwavusha masafa yaliyotenganisha vituo vya forodha vya nchi hizi mbili, mahali ambapo gari lilihitaji karatasi nyingi. Mwito wao wa kuwaita abiria, uliotokana na neno la Kiingereza la mpaka, ulirudiwa mara mbili ukawa 'boda boda'. Baiskeli ilikuwepo, umbali ulikuwepo, na mchovu mwenye mzigo alikuwepo. Kilichoongezwa ni kiti cha nyuma na ujasiri wa kuita.

Kazi hiyo ilienea Uganda, Kenya na kwingineko. Baiskeli zikafuatwa na pikipiki, hasa nchini Kenya baada ya serikali kuziondolea pikipiki ndogo kodi mwaka 2008. Leo neno 'bodaboda' limo katika Kiswahili cha kila siku kutoka mwambao hadi bara.

Hata hivyo, haifai kuigeuza historia hii kuwa sifa tupu za kutenda. Bodaboda pia inaonyesha hasara ya tendo lisilo na ndoto. Wengi waliingia katika kazi hiyo kwa sababu jirani aliingia. Pikipiki zikawa nyingi kuliko abiria penye steji, na nauli zikashuka. Aliyebaki na nafuu mara nyingi ni yule aliyewaza la ziada: kuwabeba watoto wa shule kwa malipo ya mwezi, au kuwafikishia wenye maduka bidhaa kwa mapatano maalumu. Kutenda bila kuwaza huzaa msongamano, sawa na kuwaza bila kutenda kunavyozaa usingizi.

Kuupata usawa

Kutokana na mifano hiyo, usawa wa ndoto na tendo unaweza kuelezwa kwa hatua tatu. Ya kwanza ni kuigeuza picha kuwa swali. Kijana aliyeona mtandaoni biashara ya siagi ya karanga asijiulize 'nitakuwaje kama huyu?' bali 'karanga kilo moja ni bei gani katika soko la Busia wiki hii, na ikisagwa hutoa mikebe mingapi?' Swali la namna hiyo halijibiwi na video nyingine. Hujibiwa kwa kwenda sokoni.

Ya pili ni kuitaja siku, mahali na namna. Peter Gollwitzer, katika makala yake ya mwaka 1999, alieleza kwamba nia iliyofungwa na mazingira maalumu, yaani 'likitokea hili nitafanya lile', hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla. 'Jumamosi nikitoka kanisani nitapita kwa mwenye kinu' ni nia ya aina hiyo. 'Nitaanza karibuni' siyo.

Ya tatu ni kuujua mlango halali wa kupitia. Mwenye kuota biashara ya ng'ambo anaweza kujikatia tamaa bure akidhani forodha ni ya matajiri, au akajitia hatarini kwa njia za panya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, huvushwa kwa cheti rahisi cha kuthibitisha asili yake bila kutozwa ushuru wa forodha, ingawa kodi nyingine za ndani zinaweza kudaiwa. Pale Busia, kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mwezi Februari 2018, huwezesha ukaguzi wa nchi zote mbili kufanywa mahali pamoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama hapa ni kwenda dirishani kuuliza.

Mwanafunzi wa Kiswahili naye

Yaliyosemwa kuhusu fundi na mfanyabiashara yanamhusu pia mwanafunzi wa Kiswahili. Yupo anayetazama mahojiano ya waandishi muhula mzima, akahifadhi mawaidha yao, asiandike ukurasa mmoja. Mpaka huu umejaa kazi inayomngoja. Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2022, kiko papo hapo kwenye barabara iunganishayo Busia na Malaba. Msamiati wa wabadilisha fedha, wa madereva wa malori waliokwama kwenye foleni na wa wachuuzi wanaochanganya Kiswahili, Kiteso na Kiluhya unazungumzwa kila siku hatua chache kutoka madarasani. Aliyeota kuandika kamusi anaweza kuanza na daftari moja na maneno kumi ya Jumatatu.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba ilhamu ya mtandaoni si adui wa kazi. Ndoto humpa mtu mahali pa kuelekea, na aliyeikosa huishia kuiga jirani. Hatari iko katika kubaki kwenye maana ya pili ya 'kuota': kukaa penye moto wa wengine hadi usiku uishe. Fundi huikata karatasi kabla ya kitenge. Mwendesha baiskeli wa kale aliongeza kiti kimoja nyuma. Matendo hayo ni madogo, lakini kila moja liliitoa ndoto kichwani na kuitia ardhini, ambako ama itaoza ijulikane haifai, ama itaota.