Saini za Wachezaji Wasio na Sifa

Huko Marekani, wazee kwa vijana hushughulika na kukusanya kadi za wachezaji. Kadi hizi ni vipande vya karatasi ngumu vinavyoenea katika kiganja: upande mmoja picha ya mchezaji, upande wa pili habari za klabu yake na rekodi zake. Hapa twazungumzia mpira wa Kimarekani, ule wenye umbo la yai, unaochezwa zaidi kwa mikono. Kadi ikitiwa saini na mchezaji mwenyewe, thamani yake huzidi.

Wengi wakisikia habari hii, la kwanza kuuliza ni bei. Ni kweli kwamba kadi ya mwaka 2000 yenye saini ya Tom Brady, iliyotolewa kwa nakala 100 tu, iliuzwa mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni 3. Lakini katika toleo hilohilo wamo vijana wengine waliotia saini zao kwa matumaini yaleyale, na leo majina yao hayatajwi.

Wapo wakusanyaji ambao huwatafuta hasa hawa wasiotajwa. Ligi kuu ya mchezo huo, NFL, ina klabu 32, na kila klabu husajili wachezaji 53 kwa msimu. Jumla yao hukaribia 1,700. Walio mashuhuri ni wachache mno. Waliobaki, nyuso zao zimefichwa na kofia ngumu, na wengine kazi yao yote ni kumkinga mwenzao arushe mpira, wao wenyewe wasiuguse. Kidole kimoja hakivunji chawa, na nyota hang'ari bila ya hawa.

Njia ya kuzipata saini hizo ni nyepesi. Mkusanyaji humwandikia mchezaji barua kupitia klabu yake, akatia ndani kadi pamoja na bahasha yenye stempu na anwani ya kurudishia, kisha akangoja. Mchezaji mashuhuri hupokea barua kwa magunia. Asiyejulikana hupokea chache, na mara nyingi hujibu. Mtoto anayeandika barua ya namna hii hujifunza kuomba kwa adabu, kusubiri, kushukuru, na kuijua kazi ya mtu kabla ya kumwomba chochote.

Hata hivyo, wazazi na wawe macho kwa mambo mawili. La kwanza ni pakiti zilizofungwa, ambazo mnunuzi hulipa asijue kilichomo, akitarajia kuangukia kadi ya thamani. Fiqhi yetu imetutahadharisha na biashara yenye gharar, na mtoto aliyezoea kununua bahati huingia kwa wepesi katika mlango wa kamari. La pili ni ulaghai. Katika miaka ya 1990, wapelelezi wa FBI waliendesha operesheni iliyoitwa Bullpen, wakafichua mtandao wa waliokuwa wakighushi saini za wanamichezo na kuziuza. Mghushi hufuata penye fedha. Saini ya asiye na sifa haimpi faida.

Mfano wa kuhitimishia ni Husain Abdullah. Mwaka 2008 hakuchaguliwa na klabu yoyote katika uteuzi wa wachezaji wapya. Akaingia Minnesota Vikings kwa kujaribiwa. Mwaka 2012 yeye na nduguye Hamza, naye mchezaji, waliuacha msimu mzima ili wakahiji. Husain akarejea uwanjani na klabu ya Kansas City Chiefs. Septemba 2014 aliudaka mpira uliorushwa na Tom Brady huyohuyo, akakimbia nao hadi mstari wa mwisho na kufunga, kisha akasujudu. Waamuzi wakamwadhibu kwa kosa la mwenendo. Siku ya pili ligi ikatangaza kuwa hakustahili adhabu ile.

Soko halina kipimo cha jambo kama hilo. Basi, mzazi, ukimwona mwanao akikusanya picha za wachezaji, usiharakie kumkemea wala kumuuliza zinauzwa kwa bei gani. Muulize: huyu ni nani, na amefanya nini? Akiweza kujibu, amekusanya elimu. Akishindwa, amekusanya karatasi tu.