Mali ya Nyumba na Mtihani wa Mtoto: Mazingatio kutoka Kilwa

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyeijaalia mali kuwa tegemeo la maisha ya watu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na ahali zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika mwambao wetu, kuanzia Kilwa hadi Mchinga na Lindi, nyumba nyingi hazipati fedha kwa mwezi kama apatavyo mwenye mshahara. Fedha huja kwa msimu. Ufuta una wakati wake, korosho zina wakati wake, na hata pweza huokotwa miambani zaidi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana. Siku za malipo nyumba hujaa, kisha hufuata miezi mirefu ya kusubiri. Basi swali linalowahusu maimamu na wazazi si jinsi ya kuchuma tu. Swali ni nani ndani ya nyumba anayejua mali inavyohesabiwa, na je, mtoto atakayeirithi mikorosho hiyo amekwisha kufundishwa kuishika?

Masultani wawili

Mji wa Kilwa unalo fundisho katika jambo hili. Msafiri mashuhuri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa wingi wa utoaji wake. Anaeleza kwamba sultani huyo alikuwa akitenga khumsi ya ngawira na kuitumia katika njia zilizotajwa na Qur'an, akiwakirimu masharifu waliomjia kutoka Iraq, Hijazi na kwingineko, na akila pamoja na mafakiri na kuwaheshimu watu wa elimu.

Ibn Battuta anasimulia kuwa siku moja ya Ijumaa, baada ya Swala, fakiri mmoja wa Yemen alimwomba sultani nguo alizokuwa amevaa. Sultani akaingia katika nyumba ya khatibu, akabadilisha nguo, akampa zile za mwanzo. Watu wakamsifu sana. Mwana wa sultani akazikomboa nguo kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na sultani aliposikia sifa za watu akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Sultani huyo alipofariki, utawala ulishikwa na ndugu yake Daud, naye alikuwa kinyume chake. Alipojiwa na mwombaji humjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, na hakuacha nyuma yake kitu cha kutolewa. Wageni walikaa kwake miezi mingi, kisha akawapa kidogo tu, mpaka wahitaji wakaacha kuja mlangoni pake.

Wapo watakaosema kuwa Abul-Mawahib alikuwa mbadhirifu. Fikihi ya madhehebu yetu ya Shafii haisemi hivyo. Imamu Nawawi katika Minhaji ametaja kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba kuitumia mali katika sadaka na njia za kheri si ubadhirifu. Ubadhirifu ni kuipoteza mali kwa kukubali kupunjwa kupita kiasi katika biashara, au kuitupa baharini, au kuitumia katika haramu. Kwa hiyo hatumhukumu mtu aliyetoa kwa ajili ya Mola wake.

Lakini wakati huo huo, aya ya 29 ya Suratul-Israa inakataza mkono usifungwe shingoni wala usikunjuliwe wote, na aya ya 67 ya Suratul-Furqan inawasifu waja wa Rahmani kwa kuwa matumizi yao yako kati ya israfu na uchoyo. Naye Mtume (S.A.W.) alipomzuru Saad bin Abi Waqqas (R.A.) katika maradhi yake, alimzuilia kuusia zaidi ya thuluthi, akamfahamisha kuwa kuwaacha warithi wakiwa na uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakiwaomba watu.

Fundisho tunalolichukua Kilwa ni hili: ukarimu ulikuwa wa mtu mmoja, na mtu huyo alipokufa mlango ulifungwa. Sultani wa pili ama alikuwa bahili, ama kweli alikuta hazina tupu. Vyovyote iwavyo, aliyeathirika ni fakiri aliyesimama mlangoni. Na nyumba zetu nyingi leo ziko katika hali hiyo hiyo. Baba peke yake ndiye ajuaye anamdai nani, anadaiwa na nani, na ni mikorosho ipi iliyowekwa rehani. Akifariki, mke na watoto huanza kuyajua madeni siku ya tatu ya matanga.

Hesabu ya msimu

Jambo la kwanza basi ni kuifanya hesabu ya nyumba iwe wazi. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, nayo ni aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, imekuja kuamrisha kuandikwa kwa deni, dogo au kubwa. Daftari la shilingi chache lililowekwa ndani, ambalo mke analijua na mtoto mkubwa anaweza kulisoma, ni utekelezaji wa mwongozo huo. Tukumbuke pia kwamba deni la maiti hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, na asiyeandika huwaachia warithi wake ugomvi.

Jambo la pili ni kuugawa msimu juu ya mwaka. Katika Suratu Yusuf tunasoma jinsi Nabii Yusuf (A.S.) alivyoagiza mavuno ya miaka saba ya neema yahifadhiwe kwa ajili ya miaka saba ya shida, ila kidogo cha kuliwa. Na imethibiti katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) aliwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka kutokana na mitende ya Bani Nadhir. Kwa hiyo kuweka akiba ya chakula hakupingani na kumtegemea Mwenyezi Mungu.

Mkulima wa korosho anapopokea malipo, kwanza atenge madeni, kisha chakula hadi msimu ujao, kisha gharama za palizi na salfa ya kupulizia, kisha ada na sare za watoto. Kinachobaki ndicho cha sherehe na vyombo vya nyumba. Wengi wetu huanza na hicho cha mwisho. Na ikumbukwe kwamba fedha isiyofika mkononi si ya kutumiwa. Mwezi Novemba 2018, wanunuzi walipotoa bei ndogo minadani, Serikali iliamua kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Aliyekuwa amekwisha kukopa kwa kutegemea fedha hizo aliingia katika dhiki mara mbili.

Mtihani kabla ya kukabidhi

Sasa tuje kwa watoto. Aya ya 5 ya Suratun-Nisaa inakataza kuwakabidhi mali wasioweza kuisimamia, na aya ya 6 inaamrisha mayatima wajaribiwe mpaka wafikie umri wa kuoa. Wakionekana kuwa na rushdi, ndipo wapewe mali yao mbele ya mashahidi. Rushdi kwa Mashafii ni kutengemaa katika dini na katika mali kwa pamoja, na jamhuri ya Maulamaa wengine wametazama mali peke yake. Aya hizi zimewataja mayatima, lakini mtoto mwenye baba ni kama yatima katika haja ya kufundishwa.

Mtihani huo hufanywaje? Imamu Nawawi amebainisha. Mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa katika kununua, kuuza na kupatana bei. Mtoto wa mkulima hujaribiwa katika kilimo na katika kuwalipa wanaofanya kazi shambani. Mtoto wa fundi hujaribiwa katika ufundi wa wazazi wake. Mwanamke hujaribiwa katika uzi na pamba na kukilinda chakula kisiliwe na paka. Hiyo ilikuwa mifano ya ada za zama zao, na makusudio yake ni kuwa kila mmoja ajaribiwe katika kazi anayoishi nayo. Binti wa Kilwa anayeuza maandazi au kukausha mwani ajaribiwe katika hiyo hiyo, kwa sababu atakapobaleghe akiwa na rushdi mali yake itakuwa ni yake, na mume hana haki ya kuichukua pasi na ridhaa yake.

Maulamaa wameongeza mambo matatu yenye faida kubwa kwa mzazi. Kwanza, mtihani ukaririwe mara mbili au zaidi, kwa sababu mara moja inaweza kuwa ni bahati tu. Pili, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, wakati wake ni kabla ya baleghe. Tatu, kwa kuwa mauzo ya mtoto hayasihi katika madhehebu yetu, mtoto huachiwa apatane bei, na yanapofika makubaliano walii ndiye anayefunga mkataba. Ama madhehebu nyingine zimekuwa na wasaa zaidi kwa mtoto mwenye kupambanua, akipewa idhini na walii wake.

Tena wamesema kuwa mali aliyopewa mtoto kwa ajili ya mtihani ikiangamia mikononi mwake, walii hana dhamana, kwa sababu ametekeleza alichoamrishwa. Tuzingatie hapa. Ikiwa Sharia imemsamehe walii hasara hiyo, vipi sisi tumpige mtoto aliyepoteza shilingi mia tano dukani? Aulizwe zimepoteaje, afundishwe kuhesabu chenji, kisha atumwe tena.

Kwa vitendo, mvuvi amketishe mwanawe wakati wa mgawo, aone sehemu ya chombo, sehemu ya nyavu na sehemu ya mabaharia, na ajue kwa nini kila mmoja anapata anachopata. Mkulima aende na mwanawe kwenye mnada wa chama cha msingi, amwonyeshe stakabadhi ya ghala, wahesabu pamoja kilo, bei na makato. Mtoto apewe mkorosho mmoja, aupalilie na aokote korosho zake, na fedha zake azigawe mbele ya mzazi: sehemu ya matumizi, sehemu ya kibubu, na sehemu ya sadaka aitoe kwa mkono wake mwenyewe. Kwa njia hii ukarimu wa mzazi hautakufa pamoja naye.

Wanayojifunza kwetu

Watoto hujifunza zaidi kwa wanayoyaona. Akiona baba anauza korosho kwa kangomba, kwa kipimo cha kopo na bei ya kutupa kwa kuwa amebanwa na shida, mtoto hujifunza kuwa punje ni jambo la kawaida, ilhali Suratul-Mutaffifin imeanza kwa kuwaapiza wenye kupunja vipimo. Akiona jirani anakopeshwa fedha, kisha mkopeshaji anavuna mikorosho iliyowekwa rehani hadi deni lilipwe lote, hujifunza riba chini ya jina la rehani. Maulamaa wamebainisha kuwa mkopo uliowekewa sharti la kumletea manufaa mkopeshaji ni riba. Rehani ni dhamana tu, na mazao yake ni ya mwenye mti.

Haya hayamaanishi kuwa milango imefungwa. Salam ni halali kwa masharti yake, nayo ni kulipa bei yote taslimu kwa bidhaa iliyobainishwa sifa, kipimo na wakati wa kukabidhiwa, bila ya kuifunga kwa miti maalumu. Vilevile mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, ambao mama zetu wanaucheza kwa jina la upatu, si jambo geni. Al-Qalyubi katika hashia yake ametaja mchezo wa namna hiyo uliokuwa mashuhuri kwa wanawake wa zama zake, akanukuu ruhusa yake kutoka kwa Al-Waliyyu Al-Iraqi. Sharti ni kila mmoja apokee kiasi kile kile alichotoa, bila ya ziada. Vikundi vinavyokopeshana kwa riba havimo katika ruhusa hiyo.

Mali ya yatima

Tunamalizia na mtoto mwenye mali yake mwenyewe, hasa yatima. Mali hiyo si ya ami wala ya mjomba. Aya ya 10 ya Suratun-Nisaa imetoa onyo kali kwa anayekula mali ya yatima kwa dhulma, na aya ya 6 imemtaka mlezi mwenye uwezo ajizuie, na fakiri ale kwa kadiri inayokubalika. Katika madhehebu ya Shafii, mali ya mtoto ikifikia nisabu na kupitiwa na mwaka huwajibika Zaka, na walii ndiye anayeitoa. Mahanafii hawawajibishi Zaka hiyo katika fedha za mtoto. Basi mlezi aandike mapato na matumizi, amwonyeshe yatima daftari kadiri anavyokua, na siku ya kukabidhi aite mashahidi, kama alivyoamrisha Mola wetu.

Tunawausia maimamu wenzetu, kuanzia Kilwa Masoko hadi Lindi mjini, wasisubiri kuitwa kwenye ugomvi wa mirathi. Khutba moja kabla ya msimu kuhusu kuandika deni, na darsa moja la madrasa kuhusu kupima, kuhesabu na kuuza kwa uaminifu, huenda ikaokoa nyumba zaidi kuliko vikao kumi vya usuluhishi baada ya mazishi. Mwanafunzi anayehifadhi masharti ya mauziano katika mtini na hajawahi kushika mizani, elimu yake bado inahitaji mtihani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atubarikie katika chumo letu, atukinge na israfu na uchoyo, na awajaalie watoto wetu rushdi katika dini yao na mali zao. Wabillahi tawfiq.