Mbao zinatoka Walikale, tripleksi inaingia Goma

Ukiingia kwa fundi wa mbao mjini Goma, angalia vitu viwili. Nyuma kumepangwa mbao nzito za libuyu, zilizopasuliwa porini Walikale kwa msumeno wa mota. Mbele kumeegemezwa tripleksi laini, zote kipimo kimoja, mita 2.44 kwa 1.22. Zile za kwanza ni zetu. Hizi zingine zimevuka mpaka.

Tufanye hesabu pamoja. Ubao wa mita 4, upana sentimita 30, unene sentimita 5: mbao 16 hivi zinajaza meta kibu moja. Tripleksi ya milimita 18: vipande 18 vinajaza meta kibu ile ile. Sasa wewe memba, weka bei unayopewa barabarani kwa mbao 16, halafu uulize Goma bei ya tripleksi 18. Sisi tuliposhika kalamu tulinyamaza kidogo.

Kenya haina msitu mkubwa kama wetu, lakini viwanda vya tripleksi iko navyo, Eldoret na upande wa Nakuru. Na havingojei libuyu ya miaka mia. Vinatumia miti ya kupandwa. Katika misitu ya serikali kule, wakulima waliruhusiwa kulima mahindi na viazi katikati ya miche mpaka miti ikue. Wao wakapata chakula, serikali ikapata miti.

Mwezi wa pili 2018 Kenya ikafunga ukataji katika misitu hiyo. Walisema siku 90, ikawa miaka zaidi ya 5. Rais Ruto alifungua mwezi wa saba 2023. Wakati ule Kenya ilitafuta mbao kwa majirani, na za kwetu nazo zilipitia Uganda kwenda huko. Kwa hiyo Kenya inanunua zaidi inapofunga msitu wake. Sisi tunanunua tripleksi msitu ukiwa wazi, mwaka nenda mwaka rudi, kwa sababu mashini ya kumenya gogo, kulikausha na kuligandisha kwa gundi hatuna. Tena mashini hiyo inataka umeme na barabara, na munajua wenyewe barabara ya Sake mpaka Walikale ilivyo, bila kuhesabu vizuizi.

Hatusemi koperative ijenge kiwanda kesho. Lakini kwa Masisi, eukaliptusi yenu karibu yote inaishia makala, inakatwa ingali mwembamba. Munapopunguza shamba, acheni miti iliyonyooka ikae miaka mingine mingi. Mti mnene unauzishwa kwa mbao, na bei yake si ya gunia la makala. Na musiuzishe shamba zima kwa macho, mnunuzi akisimama juu ya kilima na kutaja bei. Leteni meta, mupime kila gogo, muandike kwenye kayé ya koperative.

Kwa Walikale iko njia nyingine. Dekreti ya tarehe 2 mwezi wa nane 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wake wa mababu, mpaka hektari 50,000, bila kuulipia na bila kikomo cha miaka. Mwenye karatasi hiyo ndiye anayesema nani akate, na kwa meta kibu ngapi. Asiye nayo anaitwa msitu ukiisha kukatwa, apewe chumvi na mbuzi.

Mukutano ujao, kila koperative ije na hesabu yake ya mbao 16 na tripleksi 18.