Plake ya jua inakufia pembeni
Banalia, kando ya mto Aruwimi, plake ya jua njo inachaji torshi na telefone za wachimbaji. Lakini kiisha miaka kidogo, zingine zinapoteza nguvu, na jua lingali lile lile. Juu ya nini?

Kioo chenyewe ni kigumu. Chini yake kuna plastiki yenye kufunika nyuzi za chuma zenye kupitisha umeme. Joto linailegeza, unyevu unaingia polepole, asidi inazaliwa mle ndani, nyuzi zinakuliwa. Ni sawa na kioo cha kujiangalia: weusi unaanza pembeni, pale rangi ya nyuma imeachia maji njia.

Viwanda vinamujua ule adui. Wanafungia plake ya majaribio saa 1000 katika joto la digri 85 na unyevu wa asilimia 85, waone kama itavumilia.

Kwetu mvua haina mwezi. Basi tukinunua, tuangalie pembeni: kama kuna malengelenge, rangi ya kahawa ao mpasuko, tuache. Tusiilaze kwenye matope. Juu ya bati tuachie upepo nafasi. Franka yake inatoka shimoni, isiishie kwenye kutu.